Tiba ya Samaki wa Dhahabu Huanza na Maji

Utangulizi

Samaki wa dhahabu, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Carassius auratus, ni wa ukoo wa Cyprinidae, ukoo ambao ndani yake yumo pia ningu wa Ziwa Victoria. Wachina ndio waliomfuga kwanza, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kutokana na samaki wa rangi ya kijivu na kijani waliokuwa wakiishi madimbwini, waliwachagua wale wachache waliozaliwa na rangi nyekundu au ya manjano, wakawazalisha wao kwa wao kizazi baada ya kizazi. Katika karne ya 17 samaki hao walifika Ulaya, na leo wanapatikana katika nyumba, shule na ofisi za karibu kila nchi duniani, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Watu wengi huamini kwamba samaki huyu kwa maumbile yake huishi miezi michache tu. Imani hiyo si sahihi. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20, na mmoja aliyefugwa nchini Uingereza alikufa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Kwa hiyo samaki anapokufa baada ya wiki tatu hakufa kwa uzee. Ameuawa na jambo fulani, na aghalabu jambo hilo lingeweza kuzuiwa.

Jambo lenyewe mara nyingi ni hili: mfugaji humwona samaki amezubaa, hukimbilia dukani kununua chupa ya dawa, kisha huimimina tangini bila kujua ugonjwa wala kiasi cha maji. Samaki akifa, mfugaji hawezi kusema kama ameuawa na ugonjwa au ameuawa na dawa. Shabaha ya somo hili ni kueleza njia nyingine, ambayo mpango wake ni rahisi: kwanza pima maji, kisha mchunguze samaki, na mwisho kabisa ndipo ufikirie dawa.

Samaki na maji yake

Mnyama wa nchi kavu huvuta hewa safi na kutupa uchafu wake mbali na mahali anapolala. Samaki wa tangini hana nafasi hiyo. Maji anayovuta ndiyo hayo hayo anayotupia uchafu. Matamvua yake, yaani vile viungo vyekundu vilivyo chini ya kifuniko cha shavu, yana kazi zaidi ya moja: huingiza oksijeni, hutoa hewa ya kaboni, husawazisha chumvi za mwilini, na vilevile hutoa sehemu kubwa ya amonia, ambayo ni taka itokanayo na kuvunjwa kwa protini za chakula.

Amonia ni sumu. Katika tangi lililokomaa sumu hiyo huondolewa na bakteria wasioonekana kwa macho, ambao huishi juu ya changarawe, kuta za tangi na hasa ndani ya chujio. Kundi la kwanza hubadili amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hubadili nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyezigundua kazi hizi mbili za bakteria mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wapo pia bakteria wa jenasi ya Nitrospira wanaoweza kufanya kazi zote mbili peke yao.

Bakteria hao hawapo kwa wingi katika tangi jipya. Huhitaji wiki nne hadi sita kuongezeka kiasi cha kutosha. Hii ndiyo sababu vifo vingi hutokea katika mwezi wa kwanza: maji yanaonekana meupe na safi, kumbe yamejaa sumu. Usafi wa maji hautambuliwi kwa macho, hutambuliwa kwa kipimo.

Hesabu ya amonia

Amonia ikiwa majini huwa katika sura mbili. Sura ya kwanza ni amonia huru, ambayo hupenya matamvua kwa urahisi na ndiyo yenye sumu kali. Sura ya pili ni amonia iliyounganika na chembe ya hidrojeni, iitwayo amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo sana. Vifaa vingi vya kupimia hutoa jumla ya sura zote mbili. Uwiano kati yake hutegemea joto na kipimo cha asidi, yaani pH. Katika maji yenye nyuzi 25 za Sentigredi hali huwa hivi:

Maji yakiwa na pH 7, amonia huru ni takriban asilimia 0.6 ya jumla.
Maji yakiwa na pH 8, ni takriban asilimia 5.
Maji yakiwa na pH 9, ni takriban asilimia 36.

Tuchukue mfano wa tangi ambalo kipimo kimeonyesha jumla ya miligramu 1 ya amonia kwa lita. Kwa pH 7 amonia huru ni miligramu 0.006 tu, na samaki atavumilia. Kwa pH 8 ni miligramu 0.05, kiasi ambacho huanza kuunguza matamvua. Kwa pH 9 ni miligramu 0.36, na samaki yumo katika hatari ya kufa. Kipimo kimoja kile kile cha jumla kimetoa hukumu tatu tofauti. Mfugaji anayepima amonia bila kupima pH amefanya nusu ya kazi.

Hesabu hii inaeleza pia tukio linalowashangaza wengi. Tangi lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa maji huelekea kuwa na asidi, hivyo amonia iliyomo hubaki katika sura ile isiyo na madhara makubwa. Siku mfugaji anapomwaga nusu ya maji na kutia maji mapya ya bomba yenye pH ya juu, sehemu ya amonia iliyobaki hugeuka ghafula kuwa amonia huru, na samaki huanza kufa jioni hiyo hiyo. Mfugaji huapa kwamba maji safi ndiyo yaliyoua, asibadilishe tena. Kumbe kosa halikuwa kubadilisha maji, bali kuchelewa mno, kisha kubadilisha mengi kwa mara moja. Tangi lililopuuzwa hurekebishwa kidogo kidogo: sehemu moja ya kumi kila siku, mpaka vipimo vitulie.

Nitriti nayo ina njia yake ya kuua. Huingia katika damu na kuibadili hemoglobini isiweze kubeba oksijeni. Damu hugeuka rangi ya kahawia, na samaki hutweta hata katika maji yenye oksijeni tele. Hapa chumvi ya kawaida ni msaada mkubwa. Kloraidi iliyomo ndani ya chumvi hushindana na nitriti katika mlango ule ule wa matamvua, na ikiwa nyingi huizuia isipite. Gramu 1 ya chumvi kwa kila lita hutosha kumpa samaki nafuu huku maji yakiendelea kubadilishwa.

Suala la joto

Samaki wa dhahabu kwa asili ni samaki wa maji ya baridi ya wastani. Nyuzi 18 hadi 24 humfaa zaidi. Wafugaji wa Nairobi, Arusha au Mbeya hawana taabu kubwa, lakini katika miji ya pwani maji ya tangi hufika kwa urahisi nyuzi 28 hadi 30. Joto likipanda, maji hupoteza uwezo wa kushika oksijeni: kwa nyuzi 20 maji matamu hushika takriban miligramu 9.1 kwa lita, na kwa nyuzi 30 hushika takriban miligramu 7.5 tu. Wakati huo huo mwili wa samaki huhitaji oksijeni zaidi, na amonia huru huongezeka. Mambo matatu mabaya huja pamoja.

Kwa sababu hiyo mfugaji wa pwani hana budi kuwa na tangi pana lenye uso mkubwa wa maji, pampu ya hewa, samaki wachache, na mahali pasipopigwa na jua. Bakuli la kioo la mviringo, ambalo picha zake zimezoeleka mno, halifai kabisa kumfugia samaki huyu. Uso wake ni mdogo, maji yake ni machache, na hakuna mahali pa chujio.

Kumchunguza mgonjwa

Samaki mwenye afya huogelea akiwa wima, mapezi yake yamekunjuka, macho yake ni maangavu, na huja mbio kupokea chakula. Dalili za kwanza za ugonjwa ni za mwenendo, kabla ya kuonekana kitu chochote mwilini: hukunja pezi la mgongoni, hujitenga pembeni au chini, hukataa chakula, hutweta, au hujikwaruza juu ya mawe kama anayewashwa. Mfugaji akae kimya mbele ya tangi kwa dakika kumi, atazame, na kuandika.

Swali la kwanza la kujiuliza ni: wangapi wanaumwa, na tangu lini? Samaki wote wakidhoofika kwa pamoja katika saa chache, inafaa kushuku maji: amonia, nitriti, klorini, ukosefu wa oksijeni, au sumu iliyoingia kutoka nje kama vile dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani. Wakiumwa mmoja baada ya mwingine katika siku kadhaa, inafaa kushuku ugonjwa wa kuambukiza. Akiumwa mmoja peke yake kwa muda mrefu na wenzake wakiwa wazima, kasoro huenda imo ndani ya mwili wake. Kanuni hii haikosi vighairi, lakini humwelekeza mchunguzi njia ya kuanzia.

Swali la pili ni: kitu gani kimebadilika? Samaki mpya, chakula kipya, chujio lililosafishwa jana, au maji ya bomba yaliyotiwa bila kupumzishwa. Lolote kati ya hayo laweza kuwa chanzo. Klorini ya maji ya bomba huunguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Maji yakiachwa ndooni wazi kwa saa 24, hasa yakipulizwa hewa, klorini ya kawaida hutoka; ikiwa hapana muda, thiosulfeti ya sodiamu huiondoa papo hapo. Chujio nalo lisuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba.

Vimelea vya nje

Ugonjwa wa madoa meupe ndio unaojulikana zaidi. Husababishwa na kimelea chenye chembehai moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, jina ambalo sehemu yake ya pili ina maana ya "mwenye watoto wengi". Samaki huonekana kama aliyenyunyiziwa chumvi au sukari mwilini na mapezini. Ili kuutibu ni lazima kuielewa mizunguko ya maisha ya kimelea hiki. Doa jeupe ni kimelea kinachokula chini ya ngozi ya samaki, na huko hakuna dawa ya majini inayokifikia. Kikishiba hutoka, huanguka chini, hujifunika kifuko, kisha hujigawanya kuwa mamia ya watoto. Watoto hao huogelea wakitafuta samaki, na wasipompata kwa siku mbili hivi hufa. Ni katika muda huo mfupi wa kuogelea ndipo dawa huweza kuwaua.

Mafunzo mawili hutokana na hayo. Kwanza, madoa kutoweka si dalili ya kupona. Huenda vimelea vimeanguka chini kuzaa. Pili, tiba ni lazima iendelee mpaka vimelea vyote vipite katika hatua ya kuogelea. Katika maji ya nyuzi 24 hadi 26 mzunguko mzima huchukua chini ya wiki moja, na katika maji ya baridi sana huchukua wiki nyingi. Anayetibu siku tatu akaacha amefuga ugonjwa.

Ipo hadhari moja. Samaki dume wa dhahabu, anapokuwa tayari kuzaliana, huota vipele vidogo vyeupe juu ya vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mapezi ya kifuani. Vipele hivyo vimepangika, havisambai mwilini, na dume huyo ni mchangamfu, mwenye kula na kuwafukuza majike. Huyo si mgonjwa, na kumtia dawa ni kumwonea.

Samaki anayejikwaruza bila madoa, mwenye ute mwingi au anayetweta kwa shavu moja, huenda ana minyoo bapa ya jenasi za Dactylogyrus na Gyrodactylus. Minyoo hiyo huonekana kwa hadubini tu. Dawa yake bora ni prazikwanteli, ambayo ndiyo inayotumiwa kutibu kichocho cha binadamu. Kwa kuwa Dactylogyrus hutaga mayai yasiyodhurika kwa dawa hiyo, tiba hurudiwa baada ya mayai kuanguliwa. Kwa upande mwingine, Lernaea huonekana kwa macho kama kijiti chembamba kilichochomeka mwilini. Ingawa hufanana na mnyoo, ni jamaa wa kamba na kaa. Huvutwa kwa koleo dogo karibu na ngozi, na kidonda hupakwa aidini kidogo. Lakini watoto wake hubaki majini, hivyo kumng'oa mkubwa peke yake hakutoshi. Dawa zinazozuia wadudu kujivua gamba, kama vile diflubenzuroni, huwamaliza wachanga.

Bakteria, ukungu na virusi

Mapezi yaliyochakaa ukingoni, vidonda vyekundu na magamba yaliyong'oka mara nyingi ni kazi ya bakteria, hasa wa jenasi ya Aeromonas. Bakteria wengi wa namna hii huishi majini siku zote bila kumdhuru samaki mzima, na hushambulia baada ya ngozi kujeruhiwa au mwili kudhoofishwa na maji mabaya. Vivyo hivyo manyoya meupe kama pamba ya ukungu wa Saprolegnia huota juu ya kidonda kilichokwishakuwapo. Utando mweupe unaozunguka mdomo, ambao wengi huudhania ukungu, huenda ni bakteria aitwaye Flavobacterium columnare, na dawa ya ukungu haitamfanya kitu.

Samaki aliyevimba tumbo huku magamba yake yamesimama kama tunda la msonobari amejaa maji mwilini. Hali hii si ugonjwa mmoja, ni dalili kwamba figo au viungo vingine vya ndani vimeshindwa kutoa maji. Wachache hupona. Yafaa mfugaji aelezwe ukweli huo mapema, asije akamaliza fedha kununua chupa zinazoahidi muujiza.

Dawa za antibiotiki zina mahali pake, lakini si mikononi mwa kila mtu. Zikimiminwa tangini kwa kubahatisha huweza kuwaua bakteria wa chujio, amonia ikapanda, na mgonjwa akafa kwa sumu badala ya kidonda. Zaidi ya hayo, huwapa bakteria nafasi ya kujifunza ukinzani, na ukinzani huo haukomei tangini. Vidonge vilivyosalia kutoka kwa mgonjwa wa nyumbani visitumiwe kabisa. Zitumike kwa ushauri wa daktari wa mifugo, katika tangi la pembeni.

Kuna pia virusi vya jamii ya hepesi, ambavyo viligunduliwa kwa vifo vingi vya samaki wa dhahabu nchini Japani mwaka 1992. Huharibu viungo vinavyotengeneza damu, matamvua yakapauka, na samaki wakafa kwa wingi katika siku chache. Hakuna dawa inayoviua. Kinga yake ni karantini.

Samaki anayeelea au kuzama

Samaki wa dhahabu ana kibofu cha hewa kinachomsaidia kukaa katika kina anachotaka, na kibofu hicho kimeunganika na njia ya chakula kwa mrija mwembamba. Aina zilizofupishwa mwili kwa uzalishaji wa kuchagua, zenye tumbo la mviringo na mkia wa shela, viungo vyake vya ndani vimebanana, na ndizo zinazopinduka mara kwa mara. Mara nyingi chanzo ni shibe na kufunga choo. Samaki asilishwe kwa siku moja au mbili, kisha apewe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda, na baadaye chakula kinachozama badala ya kile kinachoelea. Asipopata nafuu, huenda kuna uambukizo au kasoro ya kuzaliwa, na hapo tiba ni ngumu.

Chumvi na namna ya kuipima

Kwa mfugaji wa kawaida, chumvi ndiyo dawa ya kwanza, ya bei nafuu na yenye hatari ndogo ikipimwa sawasawa. Huwapunguzia samaki kazi ya kusawazisha chumvi za mwili, huchochea ute, na hudhuru vimelea vingi vya nje. Kipimo cha tiba ya muda mrefu ni gramu 3 kwa lita.

Ujazo wa maji hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimeta, kisha kugawa kwa 1,000. Tangi lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kina cha maji cha sm 25 lina lita 45. Chumvi inayohitajika ni 45 × 3, yaani gramu 135. Isitiwe yote pamoja. Igawanywe mafungu matatu ya gramu 45, na kila fungu liyeyushwe pembeni na kutiwa kwa kuachana saa 12. Kwa madoa meupe kipimo hicho kidumishwe siku 10 hadi 14 katika maji ya joto la nyumbani, na zaidi katika maji ya baridi. Mimea ya majini iondolewe kwanza, kwa kuwa mingi haistahimili chumvi.

Ieleweke kwamba chumvi haipai hewani pamoja na mvuke. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu. Yakitolewa lita 10, rudisha lita 10 zenye gramu 30 za chumvi. Dawa kali zaidi, kama formalini na pamanganeti ya potasiamu, zinahitaji mizani na uangalifu. Formalini hupunguza oksijeni na humdhuru binadamu, na mbili hizo zisichanganywe kamwe. Zitumike tu pale chumvi iliposhindwa na ugonjwa ukajulikana.

Kinga, na usalama wa mfugaji

Samaki mpya akae katika tangi lake peke yake kwa wiki nne, lenye wavu na mpira wake wa kunyonyea maji. Kazi hii ndogo huzuia magonjwa mengi yaliyotajwa hapa juu. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na chakula kiwe kile kinacholiwa chote katika dakika mbili.

Mfugaji ajilinde pia. Bakteria Mycobacterium marinum, aliyetambuliwa kwa samaki mwaka 1926, huweza kuingia katika mchubuko wa mkono wa binadamu na kuleta uvimbe wa ngozi usiopona kwa miezi. Mwenye jeraha avae glavu, maji yasivutwe kwa mdomo, na mikono inawiwe kwa sabuni. Atakayeota uvimbe amweleze daktari kwamba anafuga samaki, kwani bila habari hiyo ugonjwa ni mgumu kutambulika.

Asiyeweza kupona

Ikifika siku ambapo samaki hali, hawezi kusimama wima na tiba zote zimeshindikana, ni wajibu wa mfugaji kumwondolea mateso. Mafuta ya karafuu, yatokanayo na zao la Unguja na Pemba, yana eujenoli, ambayo ni nusukaputi ya samaki. Nusu mililita kwa kila lita hutikiswa vizuri ndani ya chupa yenye maji kidogo ili yachanganyike, kisha humiminwa katika chombo cha pembeni alimo mgonjwa. Hulala, na baadaye matamvua husimama. Aachwe humo nusu saa nzima baada ya hapo. Samaki mgonjwa, na hata mzima asiyetakiwa tena, asitupwe mtoni, ziwani wala chooni. Katika mito ya Australia samaki wa dhahabu waliotoka mikononi mwa watu wamezaana porini, na samaki mgeni huweza kuwaambukiza wenyeji vimelea vyake.

Hitimisho

Atakayesoma upya dalili zote zilizoelezwa ataona kwamba nyingi zina mzizi mmoja. Amonia huchubua, bakteria huingia penye mchubuko, ukungu huota juu ya kidonda, na mfugaji huliona lile la mwisho tu. Chupa ya dawa hulitibu lile la mwisho. Ndoo ya maji yaliyopumzishwa hulitibu la kwanza. Maarifa haya ni yale yale yanayomfaa mfugaji wa perege bwawani, kwa maana kemia ya maji haichagui samaki wa pambo na samaki wa kitoweo.

Maswali ya mazoezi

1. Tangi lina urefu wa sm 80, upana wa sm 35 na kina cha maji cha sm 30. Tafuta gramu za chumvi zinazohitajika kwa kipimo cha gramu 3 kwa lita.
2. Kipimo kinaonyesha jumla ya amonia miligramu 2 kwa lita, joto ni nyuzi 25 na pH ni 8. Tafuta kiasi cha amonia huru, na ueleze hatua ya kwanza ya kuchukua.
3. Madoa meupe yametoweka siku ya tatu ya tiba. Eleza kwa nini si sahihi kuacha kutibu.